Cheti Hakimdaki Aangukaye



Lugha tunayojifunza ina methali mbili ambazo hazijawahi kupatana. Ya kwanza husema: ajali haina kinga. Ya pili husema: tahadhari kabla ya hatari. Darasani huwa nawaomba mzitumie katika insha, nanyi huziweka pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Si ndugu. Ya kwanza hutamkwa baada ya mtu kuumia, na mara nyingi huitamka yule ambaye hakuumia. Ya pili hutamkwa mapema, nayo hudai kitu: muda, fedha, akili na kazi. Leo nataka kuitetea hii ya pili dhidi ya adui ambaye wengi humdhania kuwa rafiki yake, yaani cheti cha usalama kazini kinachouzwa mtandaoni kwa mtu yeyote mwenye simu na salio.

Nimesema kinachouzwa, sikusema kinachotolewa. Mafunzo hutolewa, maarifa hupatikana, cheti hustahiliwa. Pale ambapo kitenzi pekee kinachofaa ni kuuza, jua kwamba umeingia sokoni, hukuingia darasani.

Kijana mmoja niliyemfundisha hadi kidato cha nne alipata kibarua katika jengo la ghorofa hapa Kampala. Msimamizi akamwambia alete cheti cha usalama ifikapo Jumatatu. Hakumwambia cheti gani, wala kutoka kwa nani. Kijana akatafuta kwenye simu, akakuta tovuti yenye picha za watu wanaotabasamu chini ya kofia ngumu, akalipa shilingi 90,000, na Jumamosi jioni akaja kwangu nimsaidie Kiingereza cha mtihani. Ulikuwa mtihani wa maswali 20 ya kuchagua.

Nikamwomba aniachie simu nijaribu mwenyewe. Sikusoma somo hata moja. Lakini mimi ni mwalimu, nimetunga maswali ya kuchagua kwa miaka kadhaa, na naujua udhaifu wetu watungaji: jibu sahihi huwa refu kuliko mengine, kwa kuwa mtungaji huogopa kukosolewa. Basi nikawa nachagua jibu refu bila kulisoma swali. Nikapata 17 kati ya 20. Rangi zikarukaruka kwenye skrini, na cheti kikatoka kikiwa na jina la kijana, nembo ya dhahabu na maneno yaliyosema kwamba amehitimu kufanya kazi za juu kwa usalama. Nilikuwa nimefanya udanganyifu ambao ningemwadhibu mwanafunzi yeyote kwa kuufanya, na hakuna aliyenikamata, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na mtu.

Nikamgeukia kijana nikamwuliza: "Ukiwa ghorofa ya tano umevaa mkanda wa usalama, ile kamba yake unaifunga wapi?" Akafikiri kidogo, akanijibu kwa adabu: "Popote penye nafasi, Mwalimu."

Popote! Kwenye bomba jembamba la maji, au kwenye ubao wa jukwaa lile lile litakaloanguka pamoja naye. Nilimsihi amwombe msimamizi amwonyeshe mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, penye uwezo wa kuubeba mshtuko wa mtu anayeanguka. Jumatatu alikipeleka cheti. Kilipokelewa, kikatiwa kwenye faili pamoja na vingine, na hakuna aliyemwuliza swali. Hadi leo anafanya kazi huko, nami kila nipitapo barabara ile hutazama juu.

Hoja yangu, basi, ni hii. Mtoaji wa mafunzo anayekupa cheti bila kukufundisha hakukupunguzia hatari, bali amekuongezea. Asiye na cheti hujua kwamba hajui, naye huogopa na kuuliza. Mwenye cheti cha uongo hupanda juu akiwa na ujasiri wa uongo, na mwajiri wake hulala usingizi akidhani faili imemkinga.

Tuanze na herufi nne zinazopendwa mno na wauzaji hawa: OSHA. Ukiziona kwenye cheti, jiulize kwanza ni OSHA ya nani. Tanzania, herufi hizo ni jina la Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ulioanzishwa mwaka 2001. Kenya, ni jina la sheria, ile Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na inayoisimamia ni idara ya serikali yenye jina tofauti kabisa. Marekani, ni mamlaka iliyotokana na sheria ya mwaka 1970. Sisi Uganda tuna sheria yetu ya mwaka 2006, iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mwuzaji huzipenda herufi hizi kwa sababu zina heshima ya serikali bila kutaja serikali yoyote. Ni kama mtu anayejiita Mheshimiwa, ukimwuliza mheshimiwa wa wapi, anabadilisha mazungumzo.

Tuichukue ile ya Marekani, kwa kuwa ndiyo inayoigwa zaidi. Mamlaka hiyo ina mpango wa mafunzo ya saa 10 kwa mfanyakazi na ya saa 30 kwa msimamizi. Mpango huo una masharti yaliyo wazi. Wanaoruhusiwa kuufundisha mtandaoni ni watoaji wachache walioidhinishwa, na orodha yao imetangazwa na mamlaka yenyewe. Mwanafunzi haruhusiwi kusoma zaidi ya saa saba na nusu kwa siku moja, kwa hiyo mafunzo ya saa 10 hayawezi kumalizika kabla ya siku ya pili. Anayemaliza hupewa kadi, na mamlaka yenyewe husema kadi hiyo si uthibitisho wa umahiri. Sasa, mtu akikuuzia mafunzo hayo ya saa 10 na kukuahidi kwamba utayamaliza usiku huu kabla ya kulala, huhitaji kuwa mwanasheria kumtambua. Hesabu ya darasa la pili inatosha.

Wengine hutamba kwa jina la NEBOSH, na jina hilo lina thamani kubwa kwa ndugu zetu wanaotafuta kazi za ujenzi na mafuta katika nchi za Ghuba. NEBOSH ni bodi ya mitihani ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979. Yenyewe haifundishi. Wanaofundisha ni washirika inaowatambua, na mtu yeyote anaweza kuwatafuta kwenye orodha yake. Cheti chake pia kinaweza kuhakikiwa na mwajiri kwa bodi yenyewe. Maana yake ni kwamba kijana anayenunua cheti cha kughushi cha jina hilo hununua aibu ya baadaye: siku mwajiri wa Dubai atakapouliza, jibu litatoka Uingereza, si kwa mwuzaji aliyekwisha kufunga simu.

Wengine tena huandika kwamba wamethibitishwa kwa kiwango cha ISO. Shirika linaloandika viwango vya ISO halimpi mtu yeyote cheti. Kazi hiyo hufanywa na makampuni mengine. Na kiwango cha ISO 45001 cha mwaka 2018 huhusu mfumo wa taasisi wa kusimamia usalama na afya. Hakisemi kama mwalimu wao anajua kufundisha, wala kama wewe umeelewa.

Unaweza kuniambia: Mwalimu, unatia chumvi, karatasi ni karatasi tu, haimwui mtu. Nakukumbusha Karachi, Pakistan. Tarehe 11 Septemba 2012, moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises na kuua watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wiki chache tu kabla ya siku hiyo, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa kinachoheshimika kuhusu hali za wafanyakazi. Hicho hakikuwa cheti cha mafunzo, nakubali. Lakini ugonjwa ni ule ule: karatasi ilisema jambo moja na mlango ukasema jingine, na wafanyakazi walikutana na mlango.

Sasa nikutahadharishe usije ukanielewa vibaya. Mimi si adui wa mafunzo ya mtandaoni. Wewe mwenyewe unanisoma kupitia mtandao, na mfanyakazi wa Arua au Kisoro hawezi kusafiri hadi Kampala kwa kila somo. Mambo mengi yanafundishika vizuri kwa skrini: haki na wajibu, alama za kemikali, jinsi ya kukagua eneo la kazi, jinsi ya kuandika taarifa ya ajali, sababu za moto wa umeme kutozimwa kwa maji. Ninachokataa ni uongo kwamba skrini inaweza kuufundisha mwili.

Chukua mfano wa huduma ya kwanza. Mtu mzima ambaye moyo wake umesimama hukandamizwa kifuani mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Ni rahisi kuisoma sentensi hiyo, na ni rahisi kuijibu kwenye mtihani. Lakini sentimita 5 za kifua cha binadamu ni nguvu kubwa kuliko unavyodhani, na mikono huchoka upesi. Skrini haiwezi kukuambia kwamba unakandamiza juu juu. Anayeweza kukuambia ni mkufunzi aliyepiga magoti kando yako mbele ya sanamu ya mazoezi. Hivyo hivyo kwa mtungi wa kuzimia moto, na kwa mkanda wa usalama wa yule kijana wangu. Mtoaji mwaminifu husema wazi: nadharia utaisoma hapa, vitendo utavifanya mahali fulani, siku fulani, mbele ya mtu fulani. Asiye mwaminifu husema yote yamo humu.

Kuna jambo jingine linalonigusa mimi kama mwalimu wa lugha. Yule kijana aliniletea mtihani kwa sababu hakuuelewa Kiingereza chake. Mafunzo yale yalimwuzia maneno asiyoyajua kuhusu hatari zinazoweza kumwua. Mwaka 2010 mamlaka ya Marekani niliyoitaja iliweka msimamo kwamba, pale sheria inapomtaka mwajiri kufundisha, afundishe kwa lugha na kwa msamiati ambao mfanyakazi anauelewa. Na msamiati! Maana mtu anaweza kuijua lugha na bado akapotezwa na istilahi.

Kwenye jengo moja la Kampala utawasikia Waganda, Wanyankole, Waacholi, Wakongomani na Wakenya. Ni lugha gani itakayopaza sauti ya "ondoka chini ya hapo!" ikaeleweka na wote kwa sekunde moja? Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, iliitaja lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kila mwaka mnaniuliza Kiswahili kitawasaidia nini. Nawajibu: kuna siku kitamsaidia mtu asife. Jifunzeni tofauti ya maneno haya kana kwamba mnajifunza kuogelea. Waya ulio wazi ni kihatarishi. Uwezekano wa mtu kuugusa akapigwa na umeme ni hatari. Kuungua kwake ni madhara. Kuufunika waya ule ni udhibiti, na glavu anazovaa fundi ni vifaa kinga. Mtoaji wa mafunzo anayeyachanganya haya, au anayeyapitisha kwenye mashine ya kutafsiri bila binadamu kuyasoma, hana haki ya kuchukua shilingi yako.

Na kwa nini iwe shilingi yako? Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki za msingi za kazi. Kwa hiyo msimamizi anayemwambia kibarua "lete cheti Jumatatu" amegeuza mambo chini juu. Wajibu wa kufundisha ni wa anayekuajiri. Ndiye anayekijua kihatarishi cha mahali pake, ndiye anayefaidika na kazi, na ndiye atakayejibu mbele ya sheria. Soko la vyeti vya usiku mmoja halikuzaliwa na vijana wavivu. Lilizaliwa na waajiri wanaotaka faili iliyojaa kwa bei ya mtu mwingine.

Najua jibu lako: "Mwalimu, nikimwambia hivyo nitakosa kazi." Siwezi kulipuuza jibu hilo, kwa kuwa wewe ndiwe mwenye njaa, si mimi. Sikuambii ugombane naye. Nakuambia uulize swali moja la heshima: "Mzee, ni mafunzo ya nani mnayoyatambua hapa?" Akilijibu, umepata mwongozo. Akishindwa kulijibu, umepata habari muhimu kuhusu mahali unapokwenda kufanya kazi. Na hata kama utalazimika kupeleka karatasi, usikubali karatasi iwe ndiyo elimu yako. Ukifika, omba uonyeshwe mlango wa dharura, mahali pa kufunga kamba na mahali pa sanduku la huduma ya kwanza. Maombi hayo matatu hayagharimu kitu.

Na ukiwa wewe ndiwe mchaguzi, leo kama mfanyakazi au kesho kama mwajiri, usimlipe mtoaji yeyote kabla hajakujibu haya.

Nani amekuidhinisha? Akikutajia jina, usibofye kiungo kilicho kwenye ukurasa wake. Nenda mwenyewe kwa aliyetajwa, ukaitafute orodha yake, au umpigie simu. Shahidi hachaguliwi na mshtakiwa.

Nani anafundisha? Mafunzo halali yana mwalimu mwenye jina, na mwalimu huyo ana kazi aliyoifanya kabla ya kuifundisha.

Mafunzo haya yaliandikwa kwa nchi gani? Yasome kidogo. Yakimwambia mfanyakazi wa Kampala apige 911 wakati wa dharura, hakuna aliyejisumbua kukufikiria, maana hapa tunapiga 999 au 112. Aliyekosea namba ya simu atakuwa amekosea na sheria pia.

Nikishindwa mtihani, itakuwaje? Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mtoaji anayejisifu kwamba wanafunzi wake wote hufaulu amekiri kwamba hana mtihani. Shule ambayo haiwezi kumfelisha mtu haiwezi kumfaulisha pia.

Cheti hiki kinahakikiwa vipi, na kinaisha lini? Cheti kisicho na namba inayoweza kuhakikiwa ni picha tu. Na ujuzi usiorudiwa huota kutu, ndiyo maana vyeti vya huduma ya kwanza huwekewa mwisho.

Ukijibiwa kwa haraka, kwa punguzo linaloisha saa sita usiku na kwa saa inayohesabu kurudi nyuma, funga ukurasa huo. Hakuna aliyewahi kufundishwa tahadhari kwa kuharakishwa.

Shirika la Kazi Duniani hukadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi. Kati yao, takriban 330,000 hufa kwa ajali. Waliobaki, ambao ni wengi mno, huuawa polepole na magonjwa ya kazini, na miongoni mwa visababishi vyake ni vumbi na kemikali. Kwa hao, methali ya ajali haina kinga haiwezi hata kutumika, kwa kuwa hapakuwa na ajali. Palikuwa na miaka mingi ambayo mtu angeweza kufundishwa, kupewa barakoa inayofaa, kuhamishwa, kuangaliwa afya yake. Kinga ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuifundisha na mtu wa kuilipia.

Basi mwakani nitakapowapa insha, atakayeandika ajali haina kinga aniandikie pia aliyeitamka ni nani, na alikuwa amesimama wapi wakati mwenzake alipoanguka.

Msamiati wa wiki hii

Kihatarishi: kitu au hali inayoweza kuleta madhara.
Vifaa kinga: mavazi na zana zinazomkinga mfanyakazi, kama kofia ngumu, glavu na barakoa.
Kuidhinisha: kutoa kibali rasmi.
Kuhakiki: kuchunguza kama jambo ni la kweli.
Kughushi: kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kudanganya.
Kudaka: kukamata kitu kikiwa bado hewani.

Maswali

1. Mwandishi anasema methali mbili za mwanzo "si ndugu". Unakubaliana naye? Toa mfano mmoja kutoka mahali unapoishi.
2. Mwulize mzazi au jirani anayefanya kazi ya mikono: nani alimfundisha usalama, kwa lugha gani, na nani alilipa? Andika majibu yake kwa aya mbili.
3. Tunga mazungumzo kati ya kibarua na msimamizi, kibarua akiomba kwa heshima aonyeshwe mahali pa kufunga kamba ya mkanda wake.